Kofia ya Stephenson: Asili, Masharti na Matumizi ya Neno Hat-Trick

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo msomaji wa kurasa za michezo hukutana nayo karibu kila wiki, hat-trick ni mojawapo ya yale yanayoeleweka upesi lakini huelezwa kwa shida. Shabiki wa kandanda hahitaji kamusi ili ajue kwamba mchezaji aliyepiga hat-trick amefunga mabao matatu katika mechi moja. Hata hivyo, akiulizwa kofia, ambayo ndiyo maana ya nusu ya kwanza ya neno hilo, imeingiaje katika mchezo ambao wafungaji wake hucheza vichwa wazi, huenda akakosa la kusema. Jibu limo katika mchezo mwingine, kriketi, na katika karne ya 19, wakati mchezo huo ulipokuwa ukivuta umati mkubwa katika miji ya viwanda ya Uingereza. Ukifuatwa mwendo wa neno hili tangu huko hadi katika Kiswahili, huonekana kwamba kila mchezo na kila lugha iliyolipokea imelegeza sharti moja au jingine, isipokuwa moja tu ambalo halijaguswa na yeyote, nalo ni idadi ya tatu.

Neno lenyewe limeungwa kutokana na maneno mawili. La kwanza, hat, ni kofia yenye ukingo, ya jamii ya pama; la pili, trick, lina maana ya hila au kiinimacho, na pia tendo la ustadi linalowashangaza watazamaji. Waingereza wa wakati huo walikwisha kuyazoea maneno hayo mawili yakiwa pamoja, kwa sababu wafanya mazingaombwe waliyatumia kuutaja mchezo wao wa kutoa vitu visivyotarajiwa ndani ya kofia tupu. Hivyo, kofia ya aina nyingine ilipotokea uwanjani, jina lilikuwa tayari.

Tukio la Sheffield

Ili tukio hilo lieleweke, yafaa kwanza kueleza kwa ufupi namna kriketi inavyochezwa. Timu mbili, kwa kawaida za wachezaji 11 kila moja, hupokezana kupiga na kurusha. Mpigaji husimama na gongo lake mbele ya wiketi, yaani vijiti vitatu vilivyochomekwa ardhini na kuwekewa juu yake vipande viwili vidogo vya mti, naye mrushaji wa timu pinzani humtupia mpira kutoka upande wa pili akikusudia kumtoa mchezoni. Mpigaji hutoka mpira ukiigonga na kuivunja wiketi yake, au ukidakwa baada ya yeye kuupiga na kabla haujagusa ardhi, au mwamuzi akiamua kwamba mguu wake umeuzuia mpira ambao ungeigonga wiketi. Kila mpigaji anayetolewa kwa njia kama hizo huandikwa kwa jina la mrushaji, na huitwa wiketi moja.

Mpigaji hodari huweza kukaa uwanjani kwa saa nyingi, naye mrushaji huweza kurusha mipira kadhaa wa kadhaa bila kumtoa mtu. Kuwatoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu inayofuatana ni jambo ambalo warushaji wengi wa daraja la juu humaliza maisha yao ya uchezaji bila kulipata. Mwaka 1858, katika uwanja wa Hyde Park mjini Sheffield, jambo hilo lilimtokea H. H. Stephenson, mchezaji wa kulipwa wa timu iliyoitwa All-England Eleven. Timu hiyo ilikusanya wachezaji bora wa Uingereza na kuzunguka nchini ikicheza na timu za miji na vijiji, na kwa kuwa uwezo haukulingana, wenyeji mara nyingi waliruhusiwa kuweka wachezaji 22 dhidi ya 11. Siku hiyo wapinzani walikuwa watu wa Hallam na Staveley. Stephenson alipowatoa watatu kwa mipira mitatu mfululizo, watazamaji walichangishana fedha, na mchango huo ukatumika kumnunulia kofia.

Zawadi hiyo ilikuwa na maana katika jamii ambayo mwanamume mwenye heshima zake hakutoka nyumbani kichwa wazi. Stephenson hakuwa bwana mkubwa aliyecheza kwa kujifurahisha. Alikuwa mtu anayeishi kwa ujira wa mchezo, na kofia mpya ilikuwa malipo na sifa kwa pamoja. Miaka mitatu baadaye yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya kwanza ya kriketi ya Uingereza kuzuru Australia, katika msimu wa 1861 hadi 1862. Desturi ya klabu kumzawadia kofia mrushaji wa namna hiyo ilienea, na kufikia mwaka 1865 gazeti la Kiingereza la Chelmsford Chronicle lilikuwa limeliandika neno hat-trick kwa maana ya wiketi tatu mfululizo.

Masharti ya kriketi

Kwa wanakriketi, neno hili lilizaliwa na masharti manne: wiketi ziwe tatu, ziwe za mrushaji mmoja, ziwe za mechi moja, na zifuatane bila mpira wowote wa mrushaji huyo kupita katikati pasipo mafanikio. Sharti la mwisho ndilo gumu zaidi, na lina tafsiri inayoweza kumshangaza asiyeuzoea mchezo. Kufuatana huko huhesabiwa kwa mipira ya mrushaji mwenyewe, si kwa saa. Siku hizi mrushaji hurusha mipira sita, kisha humpisha mwenzake arushe kutoka upande wa pili, ndipo zamu yake irudi. Kwa hiyo wiketi tatu zinaweza kugawanyika katika zamu mbalimbali na bado zikawa hat-trick.

Mfano mashuhuri ni wa Merv Hughes wa Australia, aliyecheza dhidi ya West Indies mjini Perth mwaka 1988. Alimtoa mpigaji mmoja kwa mpira wa mwisho wa zamu yake, akamtoa wa pili kwa mpira wa kwanza wa zamu iliyofuata na hivyo kuumaliza upigaji wa wapinzani, kisha timu yake ikaenda kupiga, na iliporudi kurusha akamtoa wa tatu kwa mpira wake wa kwanza. Muda mrefu ulipita kati ya wiketi ya pili na ya tatu, lakini katika hesabu ya kriketi hakuna kilichokatika. Katika mechi za kimataifa ziitwazo Testi, ambazo huchezwa kwa siku kadhaa, wa kwanza kupata hat-trick alikuwa Fred Spofforth wa Australia, aliyewafanyia hivyo Waingereza mjini Melbourne mwezi Januari 1879. Katika Kombe la Dunia la kriketi ilibidi kusubiri hadi mwaka 1987, ambapo Chetan Sharma wa India aliipata dhidi ya New Zealand.

Mrushaji aliyekwisha kutoa wawili mfululizo husemwa kwa Kiingereza kuwa yuko juu ya hat-trick, na hapo uwanja mzima hubadilika: nahodha huwasogeza wadakaji karibu na mpigaji mpya, watazamaji hunyamaza, na mpigaji anayeingia hujua kwamba mpira wake wa kwanza unatazamwa kuliko mwingine wowote siku hiyo. Neno, kwa hiyo, halikutaja matokeo peke yake. Lilitaja pia taharuki ya kungojea la tatu.

Kandanda na sharti lililolegezwa

Kandanda ilipolirithi neno hili ilishika idadi, ikashika mtu mmoja na mechi moja, lakini ikaachilia mfululizo. Mchezaji akifunga bao dakika ya tano, kisha wengine wakafunga ya kwao, yeye akaja kupata la pili na la tatu mwishoni, bado huhesabiwa kuwa amepiga hat-trick. Mabao ya muda wa nyongeza huhesabiwa, na penalti za ndani ya mchezo huhesabiwa pia; zisizohesabiwa ni penalti za kuamua mshindi baada ya sare. Fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2022 inalionyesha jambo hili waziwazi. Kylian Mbappé wa Ufaransa alifunga mara tatu dhidi ya Argentina, mbili kati ya hizo zikiwa penalti, mechi ikaisha 3-3. Katika mikwaju ya mwisho alifunga tena, lakini mkwaju huo haukuongezwa katika hesabu yake, na Argentina ikatwaa kombe kwa mikwaju 4-2.

Kwa kuwa kila bao lazima liwe na mwenyewe, hat-trick huweza kuzua ubishi wa miaka mingi. Kwa muda mrefu ilisemekana kwamba wa kwanza kuipata katika Kombe la Dunia alikuwa Guillermo Stábile wa Argentina, aliyewafunga Mexico tarehe 19 Julai 1930. Siku mbili kabla ya hapo Bert Patenaude alikuwa amefunga katika ushindi wa 3-0 wa Marekani dhidi ya Paraguay, lakini kumbukumbu zilitofautiana kuhusu mfungaji wa mojawapo ya mabao hayo. Mwaka 2006 FIFA, shirikisho la kandanda duniani, lilikubali kwamba yote matatu yalikuwa ya Patenaude, na heshima ya kuwa wa kwanza ikahamia kwake miaka 76 baada ya mechi.

Ulegevu huo wa kandanda umewafanya wapenzi wa mchezo watafute njia za kuurudisha ugumu. Waingereza huzungumzia hat-trick kamilifu, ambayo mchezaji hufunga bao moja kwa mguu wa kulia, moja kwa wa kushoto na moja kwa kichwa. Wajerumani nao hutofautisha mabao matatu ya kawaida na hat-trick wanayoipa sifa waliyoiazima kwa wakaguzi wa vito, ya kitu kisicho na doa hata kikitazamwa kwa lenzi: mabao yote matatu yafungwe na mchezaji mmoja katika kipindi kimoja, na asiwepo mwingine wa timu yoyote aliyefunga katikati. Vipimo hivi viwili hukutana kwa namna ya ajabu katika fainali ya mwaka 1966, ambapo Geoff Hurst aliifungia Uingereza mabao matatu dhidi ya Ujerumani Magharibi, la kwanza dakika ya 18 na mengine katika muda wa nyongeza. Alifunga kwa kichwa, kwa mguu wa kulia na kwa wa kushoto, hivyo kwa kipimo cha Kiingereza hakupungukiwa na kitu. Kwa kipimo cha Kijerumani, mabao hayo yaliyowanyima Wajerumani kombe hayakuwa hat-trick safi, kwa sababu wengine walifunga katikati na vipindi vilitofautiana.

Zawadi pia ilibadilika. Kofia iliachwa, na mahali pake ukaja mpira wenyewe uliochezewa, ambao mfungaji hupewa baada ya mechi, mara nyingi ukiwa na saini za wenzake. Mpira wa Hurst haukumfikia siku ile, kwani ulichukuliwa na mchezaji wa Ujerumani, Helmut Haller, na ulirudi Uingereza mwaka 1996 tu.

Mpira wa magongo wa barafuni, unaopendwa sana Kanada na Marekani, ndio uliokumbuka kofia, ingawa kwa kuigeuza. Mchezaji akifunga la tatu, watazamaji huvua kofia zao na kuzitupa uwanjani, na mchezo husimama mpaka ziokotwe. Mchezo huohuo ndio uliolegeza sharti jingine, la matendo kuwa ya aina moja: kuna kinachoitwa hat-trick ya Gordie Howe, kwa jina la mchezaji maarufu wa Kanada, ambayo hutimia mtu akifunga bao, akitoa pasi ya bao na akipigana ngumi, yote katika mechi moja. Howe mwenyewe aliitimiza mara mbili tu katika miaka yake mingi ya kucheza. Katika mbio za magari za Formula 1, hali kadhalika, hat-trick ni kuanza mbio katika nafasi ya kwanza, kushinda mbio hizo na kuzunguka kwa kasi kuliko wote.

Nje ya viwanja

Lugha ya kila siku ya Kiingereza ilipolichukua neno hili ililegeza hata sharti la mechi moja na la mtu mmoja. Chama kinachoshinda uchaguzi mkuu mara tatu mfululizo husemwa kuwa kimepata hat-trick. Ndivyo ilivyoelezwa kwa Margaret Thatcher, aliyeshinda mwaka 1979, 1983 na 1987, na kwa Tony Blair, aliyeshinda mwaka 1997, 2001 na 2005. Huko India, ambako kriketi hufuatwa kwa mapenzi makubwa, neno hili limeenea katika siasa na hata katika filamu. Mwigizaji Shivarajkumar wa filamu za lugha ya Kikannada amejulikana kwa lakabu inayomwita shujaa wa hat-trick, kwa kuwa filamu zake tatu za kwanza zote zilipendwa sana. Inavutia kuona kwamba katika siasa na filamu sharti la mfululizo, ambalo kandanda iliachana nalo, limerudi: kushinda chaguzi tatu huku mtu akishindwa katikati hakuitwi hivyo. Neno hutumika pia kwa kejeli, kama vile kwa mtu aliyepatwa na mikosi mitatu siku moja, lakini kejeli hiyo huwa na ladha kwa sababu tu msikilizaji anajua kwamba asili yake ni sifa.

Hat-trick katika Kiswahili

Kriketi ilifika Afrika Mashariki pamoja na ukoloni wa Kiingereza, na ikakita mizizi zaidi katika miji na miongoni mwa jamii zenye asili ya Asia. Ingawa Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003, mchezo huo haukuwahi kuishinda kandanda kwa wingi wa wapenzi. Kwa sababu hiyo wasemaji wengi wa Kiswahili walilipata neno hat-trick kupitia kandanda, likiwa limekwisha kupoteza kofia na mfululizo. Nchini Tanzania mfano unaotajwa tena na tena ni wa tarehe 19 Julai 1977, siku ambayo Simba iliifunga Yanga mabao 6-0 na Abdallah Kibadeni akafunga matatu kati ya hayo dhidi ya watani wa jadi. Katika miaka ya karibuni zaidi Mbwana Samatta alifunga matatu akiwa na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2015 dhidi ya Moghreb Tetouan ya Morocco, na mengine matatu akiwa na Genk ya Ubelgiji mwaka 2018 dhidi ya Brøndby ya Denmark. Mkenya Michael Olunga alifanya hivyo nchini Hispania mwezi Januari 2018, Girona ilipoifunga Las Palmas mabao 6-0.

Kisarufi, neno hili limeingia katika ngeli ya I-ZI, hivyo husemwa hat-trick hii na hat-trick zake, na limepewa kitenzi kupiga, ambacho katika Kiswahili ni mwenyeji wa wageni wengi: watu hupiga simu, hupiga pasi, hupiga chenga na hupiga penalti. Hata hivyo, maneno mengine ya mchezo huo, kama vile refa, beki, faulo, kona na penalti, yamekwisha kuvaa sauti za Kiswahili hata katika maandishi, ilhali hili bado huandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Sababu mojawapo ni umbo lake. Silabi za Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu, nalo neno hili lina konsonanti zinazobanana katikati na nyingine inayofunga mwisho. Msemaji asiyekaza ulimi huzitenganisha kwa irabu na kutamka kitu kama hetitriki, matamshi ambayo magazeti hayajayapa hati.

Sababu nyingine ni kwamba tafsiri inayojitokeza kwanza haitoshi. Mabao matatu hutaja idadi bila kutaja kwamba mwenyewe ni mmoja, kwani timu inaweza kushinda kwa mabao matatu ya wachezaji watatu na pasiwepo hat-trick yoyote. Mashabiki wenyewe wameliziba pengo hilo kwa kusema kwamba fulani katupia tatu, au kwamba ameondoka na mpira wake, na msemo huu wa pili una faida ya kutaja zawadi pamoja na tendo. Kwa upande mwingine, wako wanaosema hat-trick ya mabao matatu, ambako ni kurudia jambo lililokwisha kusemwa, na wanaosema hat-trick ya mabao manne, ambako ni kujipinga. Aliyefunga manne amepita hat-trick, na yafaa aelezwe kwa idadi yake.

Ugeni wa neno haukulifanya wazo lake kuwa geni kwa Waswahili. Mafiga mawili hayainjiki chungu; la tatu ndilo linalokifanya kisimame. Vivyo hivyo, mabao mawili ya mchezaji mmoja husifiwa, lakini la tatu ndilo linalobadilisha jina la tendo. Hata kofia haikupotea kabisa. Sheffield walimnunulia Stephenson kofia, na mashabiki wa mpira wa barafuni huzitupa za kwao uwanjani. Mswahili anayekiri kwamba mtu amewazidi wenzake husema kwamba anamvulia kofia, na hulisema hilo kwa mfungaji wa mabao matatu bila kujua kwamba kofia ndiyo iliyokuwa zawadi yake ya kwanza.